Gari Likikata Umeme Ghafla Njia ya Izimbya: Anzia Kwenye Vichwa vya Betri

Gari likikata umeme wote kwa mkupuo mmoja, dashibodi giza, redio kimya, honi haitoi hata mkwaruzo, mtu wa kwanza kusimama kando yako atakwambia betri imekufa. Mara nyingi atakuwa amekosea. Betri inayochoka hutoa taarifa mapema: asubuhi stata inazunguka kwa uvivu, taa zinafifia injini ikiwa imezimwa, unaomba watu wakusukume leo, kesho unawaomba tena. Umeme unaokatika ghafla, gari likiwa linatembea au dakika chache tu baada ya kulizima, kwa kawaida umekatikia njiani kati ya betri na gari. Sehemu unapoweza kukatikia ni chache, na nyingi utazikagua mwenyewe kwa spana namba 10 na tochi, kabla hujamlipa mtu afumue dashibodi na kabla hujanunua betri ambayo gari lako halikuihitaji.

Nawaandikia wanaoendesha kati ya Bukoba mjini na Izimbya, na wanaoingilia upande wa Muleba, kwa sababu huku kwetu umeme wa gari una maadui wake. Bukoba ya ufukweni hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ingawa mvua hupungua kadiri unavyoliacha ziwa, msimu wa masika njia za vijijini ni tope na madimbwi. Unyevu huo unakula shaba na chuma taratibu. Kiangazi kikirudi, barabara ya changarawe inatikisa betri tangu unapoacha lami mpaka unapofika, na nati iliyokazwa nusu inalegea. Isitoshe, Noah, Probox, Spacio na IST tunazoendesha nyingi zimekuja zikiwa zimeshatumika Japani, na tangu zifike betri zimebadilishwa na mafundi tofauti, kila mmoja akifunga aliyoipata dukani siku hiyo. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ni chanzo ambacho watu hawakiangalii kabisa.

Mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Izimbya saa nane za usiku hawezi kusubiri fundi atoke Bukoba mjini. Kwa hiyo ni vizuri ujue haya kabla hayajakukuta.

Kwanza simama salama

Injini ikizimika pamoja na umeme, usukani unakuwa mzito na pedali ya breki inakuwa ngumu, lakini vyote bado vinafanya kazi. Breki ina akiba ya msaada inayotosha kukanyaga mara moja au mbili. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie hapo hapo. Ukikanyaga na kuachia mara nyingi, akiba hiyo inaisha na mguu wako unabaki peke yake. Usirudishe ufunguo mpaka mwisho wala usiuchomoe gari likiwa bado linatembea, kwa sababu usukani utajifunga. Kama ni gia za mkono na unashuka mlima, acha gari ndani ya gia, injini italizuia hata bila umeme. Kama ni otomatiki, vuta hendibreki kidogo kidogo.

Ukishasimama, kumbuka kwamba umeme ukikatika wote hata taa za hazadi hazitawaka. Nyuma yako hakuna anayekuona. Weka pembetatu, weka na matawi ya majani mabichi mbali zaidi, na kama umesimamia baada ya kona, yaweke kabla ya kona. Zuia gurudumu kwa jiwe. Ukiondoka, liondoe jiwe lile na matawi yote: jiwe lililoachwa katikati ya njia usiku linamngoja mtu wa bodaboda.

Honi, taa ya ndani, hazadi

Kabla ya kufungua boneti jaribu vitu hivi vitatu. Katika magari mengi havipiti kwenye swichi ya ufunguo, vinachukua umeme moja kwa moja. Vikikataa vyote, tatizo liko mwanzoni kabisa: betri, temino, waya wa athi au fyuzi kubwa. Vikikubali, lakini ukiwasha ufunguo dashibodi inabaki giza, achana na betri. Hapo kagua swichi ya ufunguo yenyewe na fyuzi zinazoilisha. Kwenye Toyota zimeandikwa AM1 na AM2 juu ya kifuniko cha kisanduku. Swichi hizi huchoka, hasa kwa mtu anayening'iniza ufunguo wa gari pamoja na funguo za nyumba, za duka na kufuli la geti. Uzito wote huo unacheza na swichi kila gari linaporuka shimo. Dalili yake ni kwamba ukiutingisha ufunguo, dashibodi inawaka na kuzima.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi. Dashibodi inawaka vizuri, taa ya ndani inang'aa, lakini ukizungusha ufunguo ili kuwasha injini unasikia "tak" moja na kila kitu kinakuwa giza. Ukingoja kidogo, taa zinarudi. Watu huona taa na kusema temino ni nzima. Angalia hesabu yake: taa ya ndani haihitaji hata ampea 1, wakati stata ya injini ndogo ya petroli hutaka zaidi ya ampea 100 kwa mara moja. Mguso mbovu unaweza kupitisha ile ndogo mchana kutwa, na ukashindwa kabisa ile kubwa inapodaiwa. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba njia ya umeme ni nzima. Hapa pia unaanzia kwenye temino.

Temino

Vua pete na saa ya chuma. Volti 12 hazitakurusha, lakini pete ikigusa chanya na bodi ya gari kwa pamoja inakuwa nyekundu kwa moto kabla hujavuta mkono. Usimulike betri kwa mshumaa wala kiberiti, na mwenye sigara akae mbali, kwa sababu betri hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka.

Sasa shika temino, yaani kile kikamatio cha chuma kinachobana kichwa cha betri, na ujaribu kukizungusha kwa vidole. Usitumie spana bado. Temino iliyofungwa sawasawa haiendi popote hata ukikaza mkono. Ikizunguka, hata kidogo tu, umeshapata mahali pa kuanzia, na katika njia zetu hili ndilo litakalokuwa jibu mara nyingi kuliko mengine yote.

Ikiwa haizunguki usiiamini bado. Ichomoe uangalie ndani. Anza na hasi, umalizie na chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Utaratibu huu una sababu: ukianza na chanya na spana ikateleza ikagusa bodi, umeme wote wa betri unapita kwenye spana. Ndani ya temino utaona rangi ya risasi inayong'aa kama ni nzima. Kama ni mbovu utaona utando mweusi au wa kijivu, mwembamba kiasi kwamba kwa nje hauonekani, na kwa nje unga mweupe au wa kijani uliotuna kuzunguka waya. Unga wa nje ndio unaotisha watu, lakini ule utando mweusi wa ndani ndio unaokata umeme. Mwaga maji ya moto kwenye ule unga, au maji yenye magadi kidogo, uepushe macho yako, kisha kausha. Utando wa ndani ukwangue kwa msasa mpaka risasi ing'ae kuzunguka kote, kwenye temino na kwenye kichwa cha betri pia. Rudisha, kaza, kisha paka grisi kwa juu. Grisi inakuja baada ya kukaza, juu, kuzuia unyevu.

Wakati mwingine utasafisha, utakaza nati mpaka mwisho, pande mbili za temino zimeshagusana na bado inazunguka. Hapa ndipo suala la vipimo linapoingia. Betri ndogo za Kijapani kama NS40, na nyingi za NS60, zina vichwa vyembamba. N50 na N70 zina vichwa vinene. Gari lililokuwa na N50 likiwekewa NS60 ya vichwa vyembamba, temino za zamani haziwezi kubana. Fundi aliyefunga alikaza mpaka mwisho, gari likawaka, mwenye gari akaondoka ameridhika. Wiki chache za changarawe zinatosha kuleta giza. Jambo jingine ni kwamba kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi katika betri hiyo hiyo, kwa hiyo temino zikibadilishana upande, moja haitabana kamwe. Dawa ya njiani ni kupenyeza kipande chembamba cha risasi au nyuzi safi za shaba kuzunguka kichwa, kisha kukaza. Wengi hupigilia msumari katikati ya temino na kichwa. Unashika, lakini unakipasua kichwa cha betri na siku moja kitang'oka. Ukifika mjini nunua temino za kipimo chake.

Ukiwa hapo hapo tikisa betri nzima. Ikicheza kwenye sahani yake, jua kwamba kazi yote uliyofanya itafumuka. Kama kishikizi chake kimepotea, funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli au ya gari, vinakaza vizuri na havipitishi umeme. Usifunge kwa waya wa chuma. Waya ule ukisogea ukagusa kichwa cha chanya, gari linaweza kuwaka moto ukiwa ndani.

Waya wa athi

Upande wa hasi una nyaya ambazo watu huzisahau kwa sababu zimejificha. Kutoka kwenye betri, waya mweusi unakwenda kwenye bodi ya gari, na mwingine unakwenda kwenye injini au gia boksi. Umeme wote uliotoka unarudi kwa kupitia hapo. Mwisho wa waya kwenye gia boksi uko chini, unakopigwa na maji ya madimbwi na tope la masika, na boliti yake hushika kutu bila wewe kuona.

Kipimo chake njiani ni rahisi na kinanipendeza kuliko vyote, kwa sababu kinakata ubishi. Chukua waya mmoja wa kushtulia gari. Bana upande mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, chenyewe, si kwenye temino. Upande mwingine ubane kwenye chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala mafuta. Washa. Gari likiwaka, tatizo lako ni athi au temino ya hasi, na betri haina kosa lolote. Ukiwa na mita, iweke kati ya kichwa cha hasi na injini mtu akiwa anazungusha stata. Ikisoma chini ya volti 0.5, njia ni nzuri. Ikisoma volti 2 au 3, volti hizo zinaishia kwenye kutu badala ya kufika kwenye stata.

Fyuzi kubwa

Karibu na betri, ndani ya kisanduku cheusi au juu ya temino ya chanya, kuna fyuzi za ampea nyingi, 80, 100 au 120. Ile ya alteneta imeandikwa ALT. Ikikatika, sehemu kubwa ya gari inazima kwa pamoja. Nyingi zina dirisha la plastiki, ukimulika utaona kama utepe wa ndani umeungua.

Fyuzi kubwa haikatiki bila sababu. Swali la kwanza la kujiuliza ni kama kuna mtu aliyeshtua gari hili karibuni au kurudisha betri akakosea pande, chanya kwa hasi. Hilo huikata papo hapo. Kama halipo, tafuta waya uliochubuka na kugusa bodi, hasa kando ya kazi iliyofanywa karibuni: redio mpya, kengele ya wizi, taa za ziada za mbele. Ukiweka fyuzi mpya nayo ikaungua, usiweke ya tatu. Na nakuomba, hata kama ni usiku na watu wanakuhimiza, usizibe nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara yenye bati. Fyuzi ndiyo iliyokatika ili nyaya zisishike moto. Ukiiondoa, kitakachokatika mara nyingine ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, mbele ya miguu yako.

Na kama kweli ni betri

Zipo betri zinazokufa ghafla. Mtikisiko ukivunja kiungo kimoja ndani, volti zinaonekana nzuri ikiwa imetulia, ukiidai nguvu inaanguka chini kabisa. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6, kwenye 12.2 imebaki na nusu hivi. Mtu azungushe stata huku ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6 wakati temino umeshazisafisha na ilikuwa imejaa, hapo unaweza kwenda dukani. Nunua yenye kipimo na vichwa vya aina ile ile, na utazame herufi ya mwisho ya namba za Kijapani, L au R, inayoonyesha chanya iko upande gani. Ukichukua ya upande mwingine, waya hautafika mpaka uvutwe, na waya uliovutwa unalegeza temino.

Taa nyekundu ya betri ikiwaka kwenye dashibodi wakati injini inaunguruma, huo ni ugonjwa mwingine: alteneta haichaji, au mkanda wake umekatika. Gari bado linatembea kwa akiba ya betri. Usilizime. Zima redio, feni na kiyoyozi, na kama ni mchana zima taa kubwa, ukatafute mahali penye watu na fundi. Angalia na geji ya joto, kwa sababu katika baadhi ya magari mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji. Usiku hesabu ni kali zaidi: taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula karibu ampea 9, na betri ya NS60 ina akiba ya ampea-saa 45 ikiwa mpya na imejaa. Gari litaanza kukohoa mapema kuliko unavyodhani. Alteneta nzima, injini ikiwa inaunguruma, huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye vichwa vya betri.

Kuna wanaochomoa temino injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama alteneta inafanya kazi. Kwenye magari ya zamani wengi walipona. Kwenye gari lenye kompyuta, volti zinaruka juu ghafla na kuunguza kompyuta hiyo, ambayo bei yake haifanani kabisa na ya betri. Fundi akitaka kufanya hivyo kwenye gari lako, mkatalie kwa heshima na umpe mita.

Kushtuliwa na gari lingine

Hapa tahadhari inayotuhusu sana: gari la kwanza kupita huenda likawa lori la ndizi au la kahawa. Malori mengi, Fuso zikiwemo, yana mfumo wa volti 24, betri mbili zilizounganishwa. Ukiunganisha gari lako la volti 12 kwenye mfumo huo mzima, unaweza kuchoma kompyuta, taa na betri yenyewe. Mshukuru dereva, umwombe akuvute mpaka kituo cha karibu au akupelekee ujumbe mbele, usubiri Noah au teksi. Gari la otomatiki usilivute umbali mrefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, gia boksi itaungua.

Ukipata gari la volti 12, yazimwe yote mawili. Waya mwekundu anza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi anza kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake ubane kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche ya mwisho isitokee penye hewa ya haidrojeni. Liwashe zima, liungurume dakika tano, kisha jaribu lako. Betri ya bodaboda ni volti 12 kweli, lakini haiwezi kuzungusha stata ya gari.

Kusukuma kunafaa gari la gia za mkono tu, tena lenye umeme kidogo uliobaki. Gari la leo lililokufa kabisa haliwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya mafuta na plagi zinahitaji umeme. Land Rover za zamani zilizokuwa na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono zimeshapita, na waliozizoea watakushauri sukuma, sukuma, kilima baada ya kilima. Waambie wapumzike, ufungue boneti.

Umeme ukirudi, saa na redio zitakuwa zimejifuta, na injini inaweza kuunguruma juu juu au kutaka kuzima ukisimama. Iache iungurume dakika kumi bila kukanyaga mafuta, kompyuta itajipanga. Ukimfikia fundi, mweleze ulichoona kwa mpangilio: honi ilikuwa inalia au hailii, dashibodi ilikuwaje, ulitikisa nini kikarudi. Ukimwambia tu "umeme ulikata", atafungua kila kitu.

Kwenye buti weka spana namba 10 na 12, kipande cha msasa, tochi ya kuvaa kichwani, nyaya za kushtulia nene, fyuzi za akiba pamoja na moja kubwa ya ALT, vipande vya tyubu na pembetatu. Mita ndogo ya volti ukiipata, iwe humo pia. Na kabla masika haijaanza, fungua boneti siku moja ya jua na ujaribu kuzungusha temino zote mbili kwa vidole.